Meneja Anataka Namba, Uhasibu Wanataka Pesa, Mimi Nakatwa Mshahara

Shikamooni wanasafu,

Huu ni mwezi wangu wa nne kazini kama afisa mauzo wa kampuni moja ya usambazaji hapa Dar es Salaam. Niko kwenye matazamio ya miezi sita. Ruti yangu inaanzia Tandika, inapita Mtoni mpaka Mbagala Rangi Tatu. Nauza sabuni ya unga, mafuta ya kula na tambi.

Kinachonichanganya ni maelekezo. Kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi meneja mauzo anasema mbele ya wote kwamba mali kauli, yaani kuacha mzigo mteja alipe baadaye, ni marufuku, tunauza taslimu tu. Ikifika tarehe 25 ananipigia simu: "Jaza mzigo, tufunge namba." Supavaiza anataka nipite maduka 40 kwa siku na nifungue mapya. Meneja anasema niachane na vioski, nikae na maduka ya jumla. Uhasibu nao kila wakiniona wanauliza madeni tu.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, meneja alinielekeza kwa simu niache katoni 60 za sabuni kwenye duka la jumla Tandika, kwa punguzo la asilimia 3, alipe ndani ya siku 14. Nyingine 45 nikaacha kwa mteja wa Rangi Tatu kwa masharti hayohayo ya siku 14, bila punguzo. Katoni moja ni 32,000. Mpaka leo hakuna aliyelipa. Uhasibu wanasema punguzo hawalitambui. Kamisheni yangu imezuiwa, na afisa utumishi amenipa fomu nisaini ili nikatwe 200,000 kila mwezi kwenye mshahara wa 450,000. Nikimuuliza meneja ananijibu, "Pambana ukusanye."

Sitaki kuonekana mkorofi wakati sijathibitishwa. Nimfuate nani kati yao? Na hiyo fomu nisaini?

Afisa mauzo, Temeke

JIBU

Marahaba, mdogo wetu. Fomu hiyo usiisaini leo. Omba siku chache za kuisoma na uombe kwa maandishi, maana ukishaweka sahihi kuifuta ni kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kufidia hasara, lakini kwa masharti, na lazima yatimie yote. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Mwajiri awe amempa kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyopatikana, kisha ampe nafasi ya kupinga. Kinachodaiwa kisizidi hasara yenyewe, na makato kwa jumla yasizidi robo ya ujira wa fedha. Robo ya 450,000 ni 112,500, kwa hiyo 200,000 imeshavuka mstari. Hata wakishusha kiasi, bado kuna hilo la kosa: ukisaini fomu kama ilivyo, unakiri kwamba mzigo ulitoka kwa uzembe wako.

Barua yako iwe ya mistari minne. "Nimepokea fomu ya makato. Naomba nipatiwe mchanganuo wa deni kwa kila mteja, nakala za ankara na hati za kutoa mzigo stoo, ili niweze kujibu ipasavyo. Wakati huo naendelea na ukusanyaji." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Hati za stoo tumezitaja kwa sababu maalumu. Kwenye kampuni inayoendeshwa kwa utaratibu, mtunza stoo hatoi katoni 60 ambazo hazijalipiwa kwa sababu afisa mauzo mgeni amesema atoe. Kuna mtu aliweka sahihi, au aliidhinisha oda kwenye mfumo, au alimpigia mtunza stoo simu. Jina la aliyeidhinisha likionekana kwenye karatasi, mazungumzo yako na afisa utumishi yanabadilika kabisa. Na kama hakuna sahihi yoyote zaidi ya yako, ni bora ulijue sasa kuliko kulikuta kwenye kikao.

Kuhusu maelekezo yaliyotolewa kwa simu, orodha ya simu kwenye kioo itaonyesha kwamba mlizungumza, haitaonyesha mlizungumza nini. Mwandikie meneja leo, kwa heshima na bila lawama: "Habari za kazi bosi. Nafuatilia malipo ya zile katoni 60 za Tandika ulizonielekeza tarehe 27 niziache kwa siku 14 na punguzo la asilimia 3. Mteja anadai punguzo halijaingia kwenye hesabu yake. Naomba unisaidie lifike uhasibu ili alipe." Weka tarehe halisi. Akijibu "nitaongea nao", amekubali kwamba maelekezo yalikuwepo. Akikana, utajua umesimama wapi kabla ya kujibu fomu.

Sasa turudi kwenye swali lako la nani umfuate. Hao watatu si lazima wawe na nia mbaya nawe. Meneja mauzo kwa kawaida anapimwa kwa mzigo uliotoka stoo mpaka siku ya mwisho wa mwezi. Supavaiza anapimwa kwa idadi ya maduka yaliyotembelewa na yaliyonunua. Uhasibu wanapimwa kwa pesa iliyoingia na umri wa madeni. Kila mmoja anakuambia kinachosukuma namba yake, na namba hizo tatu zinagombana kwenye ruti moja, ambayo ni ya kwako. Ndiyo maana meneja yuleyule anakataza mali kauli Jumatatu, uhasibu wakiwepo kikaoni, halafu tarehe 25 anaitaka kwenye simu.

Kwa hiyo usimchague mtu mmoja umfuate kwa kila jambo. Gawa kwa jambo lenyewe. Ratiba ya ruti na maduka ya kupita, msikilize supavaiza. Bei na punguzo, msikilize meneja, ila kwa maandishi. Mali kauli, neno la meneja peke yake halitoshi mpaka uhasibu wawe wamempangia mteja huyo kikomo cha mkopo na siku za kulipa. Ukishindwa kukumbuka yote, kumbuka hili la tatu, kwa kuwa ndilo linalowatoa kazini vijana wengi wa mauzo kabla hawajathibitishwa.

Tuje kwenye 3,360,000. Hayo ni madeni mawili yenye ugonjwa tofauti, usiyaendee kwa dawa moja.

Duka la Tandika kwanza. Pitia oda zake za nyuma uone sabuni hiyo inakwenda kiasi gani. Tuseme anauza katoni 25 kwa mwezi, yaani sita hivi kwa wiki. Ukimwachia 60 na kumtaka alipe baada ya siku 14, siku hiyo ikifika ameuza kama 12, sawa na 384,000. Hata akiwa mwaminifu kiasi gani, 1,920,000 haijapatikana bado. Pesa iko rafu ya juu, kwenye katoni ambazo hazijafunguliwa. Juu ya hapo kuna ubishi wa punguzo. Asilimia 3 ya mzigo ule ni 57,600. Yeye anahesabu kwamba anadaiwa 1,862,400, kitabu cha uhasibu kinasema 1,920,000. Mfanyabiashara mwenye ubishi wa elfu hamsini na kitu mara nyingi huzuia deni zima, kwa sababu ubishi unampa sababu nzuri ya kusubiri. Basi punguzo limalizwe kwanza: ama meneja aliidhinishe na uhasibu watoe kredit noti, yaani hati ya kumpunguzia mteja deni, ama mteja aambiwe wazi kwamba halipo. Afisa mauzo asiende kudai deni ambalo kiasi chake chenyewe kinabishaniwa.

Likishamalizwa, hesabu naye katoni zilizobaki, mkiwa wawili, pale dukani. Halafu peleka kwa meneja pendekezo la kurudisha au kuhamisha sehemu ya mzigo. Katoni 20 zilizofungwa bado, zikigawanywa kwenye maduka kumi madogo ya ruti yako kwa katoni mbilimbili taslimu, zinaingiza 640,000 mapema kuliko zingekaa Tandika. Kwa utaratibu huu mzigo unarudi kwa hati ya marejesho, mteja anapata kredit noti yake, na maduka madogo yanapewa ankara mpya. Usihamishe katoni kwa mdomo tu kutoka duka moja kwenda jingine. Ukifanya hivyo, kwa mujibu wa kitabu mteja wa Tandika bado anadaiwa zote, na wewe unazunguka na mzigo usio na karatasi.

Kwa katoni zinazobaki kwake, pita siku moja kila wiki, ileile, mhesabu zilizouzwa na alipe hizo. Sita kwa 32,000 ni 192,000. Mpaka amalize asichukue sabuni mpya, ila mafuta na tambi anaweza kuendelea kununua kwa taslimu, usimfungie mlango wote.

Mteja wa Rangi Tatu, ukikuta mzigo ameshamaliza na pesa hana, hapo kuna tatizo jingine: pesa yako ameizungusha kwenye bidhaa nyingine. Kwake kuhesabu rafu hakusaidii. Andikianeni ahadi ya malipo yenye tarehe na kiasi, kwa mfano 240,000 kila Ijumaa kwa wiki sita, ambayo inatimiza 1,440,000. Juu ya karatasi andika jumla ya deni na namba za ankara, chini asaini na agonge muhuri wa duka. Karatasi hii ina kazi mbili. Inamkumbusha yeye, na inawaonyesha mabosi wako kwamba deni lipo kwa mteja, halijapotelea mikononi mwako. Akiruka Ijumaa ya kwanza, mjulishe supavaiza jioni hiyohiyo na umwombe mwende wote Jumatatu. Akiruka mbili, deni lihamie kwa meneja na uhasibu rasmi. Nenda jioni duka likiwa limeshauza, au muulize mwenyewe ni saa ngapi droo yake huwa na pesa. Ukienda saa 3 asubuhi wakati ndiyo kwanza anafunga hela ya kwenda kununua mzigo, utapewa maneno.

Na kwa wote wawili: mteja alipe kwenye akaunti ya kampuni au lipa namba ya kampuni, kwa jina la kampuni. Isiwe namba yako ya simu hata mara moja, hata akisema mtandao unasumbua. Ukipokea taslimu, kata risiti hapohapo na upeleke benki siku hiyo. Kuna mtego hapa ambao tunaomba uusome mara mbili. Kijana anayedaiwa na uhasibu hushawishika kuchukua pesa aliyolipa mteja mmoja na kuziba deni la mwingine, akitumaini kwamba wiki ijayo atarudisha. Wiki ijayo hairudi. Pengo linahama kutoka jina moja kwenda jingine, na siku mkaguzi anapopita madukani na kitabu, mteja aliyelipa anaonekana hajalipa na anatoa risiti yake. Hapo halizungumzwi tena deni la mteja, unaongelewa wizi. Vivyo hivyo usitoe pesa yako mfukoni kufunika. Ukilipa laki moja ya mteja kimya kimya, umekubali deni kuwa lako bila hata fomu.

Sasa mwezi mwingine unakuja na tarehe 25 itafika. Jiandae kabla haijafika. Simu ya "jaza mzigo" ikiingia, usibishane na usikatae kwenye simu. Sema, "Sawa bosi, natuma oda sasa hivi uithibitishe." Kisha andika ujumbe wenye vitu vitano: duka, bidhaa na idadi, bei au punguzo, siku ya kulipa, na mzigo utatoka saa ngapi. "Bosi, nathibitisha: duka la jumla Tandika, sabuni katoni 30, bei ya kawaida, malipo siku 7. Deni lake la sasa ni 1,280,000. Nasubiri kibali chako na cha uhasibu, mzigo utoke saa 10." Sentensi ya deni la sasa usiiache. Inamfanya anayeidhinisha aone anaidhinisha nini.

Wengi hukosea kwa kutuma ujumbe huu mzigo ukiwa umeshafika dukani, na hapo unakuwa taarifa tu. Au wanauandika mrefu umejaa manung'uniko, bosi hajibu. Au wanautuma kwenye kundi la timu nzima ili watu waone, meneja anajisikia ameanikwa, na kuanzia siku hiyo anakuwa na neno na wewe. Mtumie yeye peke yake, kwa lugha ya kazi. Akisoma asijibu, mzigo usitoke. Akipiga tena na kusema "we peleka tu", mjibu kwa upole kwamba stoo wanataka kibali kwenye mfumo na unamwomba akibonyeze. Hifadhi maelekezo hayo uliyopewa wewe. Orodha ya wateja na bei za kampuni usizihamishie kwenye barua pepe yako binafsi, hiyo inaweza kukugeukia kuwa kosa la nidhamu.

Kuna ombi moja la mwisho wa mwezi la kukataa bila kutafuna maneno: kuliandikia ankara duka ambalo halijaagiza, kwa ahadi kwamba itafutwa tarehe 2. Ankara ikishapita kwenye mashine ya risiti za kodi, EFD, mauzo na kodi vimeshahesabika, na jina kwenye oda ni la kwako.

Lakini kukataa peke yake hakumsaidii meneja kufunga namba, na kiukweli namba yake ni namba yako pia. Mpelekee njia nyingine, tarehe 18 au 20, kukiwa bado na siku za kazi. Tuseme umebakisha katoni 60 kufikia lengo. Chukua daftari la ruti, chagua maduka 30 yanayonunua kwa taslimu na ambayo mwezi huu yamechukua pungufu ya kawaida yao. Katoni mbili za nyongeza kila moja, lengo limetimia, hakuna deni. Mwonyeshe pia kwa hesabu kwa nini kurundika hakulipi: duka la katoni 25 kwa mwezi likibebeshwa 60, mwezi unaofuata halinunui, na mwenye duka akibanwa na deni anauza chini ya bei ili apate pesa haraka. Bei ikishavunjika Tandika, wenye maduka ya Mtoni wanaisikia siku hiyohiyo na wanakataa bei yako.

Maduka 40 kwa siku nayo yapigiwe hesabu, maana huenda hakuna aliyewahi kuipiga. Dakika 8 kwa duka, ukijumlisha kuangalia rafu, oda na risiti, ni dakika 320. Dakika 3 za kutoka duka moja hadi jingine zinaongeza 120. Ni saa 7 na dakika 20 bila kikao cha asubuhi, bila foleni ya Mbagala, bila kudai deni hata moja. Sheria inaweka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Pendekeza mgawanyo: siku nne za vioski na maduka ya rejareja, 32 kwa siku, na siku mbili za maduka ya jumla na ukusanyaji. Supavaiza anapata maduka 128 kwa wiki, meneja anapata maduka yake ya jumla, uhasibu wanapata siku zao za madeni.

Haya yote yapeleke kwenye kikao kimoja cha dakika 20 na meneja pamoja na supavaiza, wote wawili chumba kimoja. Ukiongea nao mmojammoja utatoka na majibu mawili. Beba ukurasa mmoja wenye mgawanyo wa wiki, orodha ya madeni na maswali matatu: siku ambayo siwezi kufanya vyote, nianze na lipi? Nani anaidhinisha mali kauli, na kwa njia gani? Kamisheni inahesabiwa mzigo ukitoka au pesa ikiingia? Epuka "mnanichanganya". Sema, "Nataka nifikishe lengo, naomba mnisaidie kupanga." Jioni yake waandikie wote wawili mlichokubaliana kwa mistari mitano, umalizie na "kama kuna nilipokosea naomba mnirekebishe." Hilo la kamisheni lilinganishe na mkataba wako. Kama mkataba unasema inalipwa pesa ikiingia, kuizuia kwao ni halali na unachopigania ni kukusanya. Kama unasema mzigo ukitoka, idai kwa barua.

Kuhusu woga wako wa kutothibitishwa, una msingi. Sheria hiyohiyo ya Ajira haimpi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kinga ya kupinga kuachishwa kazi kama ya aliyezidi miezi hiyo, ndiyo sababu tunakusisitizia lugha ya upole na karatasi zilizokamilika. Hata hivyo, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri asiyeridhika na mfanyakazi wa majaribio amweleze na ampe nafasi ya kujibu au kujirekebisha. Mwezi wa tano ukianza, mwombe supavaiza tathmini ya maandishi, usisubiri mwezi wa sita uishe kimya.

Wakikukata bila idhini yako, una siku 60 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi, siku ni 30. Zianze kuhesabiwa kutoka siku ya tukio, hata kama bado mnaendelea kuzungumza ofisini.